Usishushe Giaboksi Bado

Hiace ilifika gereji ikivutwa kwa kamba. Mwenye gari, mama aliyeliweka barabarani kubeba abiria kati ya Morogoro na Mikumi, alishuka akiwa ameshachoka kabla hata hatujaamkiana. Ndani ya miezi mitatu giaboksi ilikuwa imeshushwa mara mbili. Mara ya kwanza zilibadilishwa ringi za gia ya pili na ya tatu. Mara ya pili aliuziwa giaboksi nzima ya mtumba. Na asubuhi ile gari lilikwama stendi, abiria wamekaa, gia ya kwanza haiingii. "Fundi," akaniambia, "nimeambiwa na hii nayo imekufa. Nitafute ya tatu?"

Nilimwomba dereva wake azime injini, kisha apitishe gia moja moja. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, rivasi: zote ziliingia laini, kwa vidole viwili. Akawasha injini, akakanyaga klachi mpaka chini, akajaribu tena. Zikagoma. Rivasi ikakwaruza hadi watu waliokuwa kwenye benchi wakageuka. Nikalala chini ya gari nikamwambia akanyage. Kijiti cha masta ya chini, kile kinachosukuma foku ya klachi, kilisogea unene wa ukucha kikaishia hapo. Nikainua mpira wake wa kuzuia vumbi kwa ncha ya bisibisi, na mafuta meusi yakanichuruzika kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Sili ya ndani ilikuwa imekwisha. Alasiri Hiace ikarudi kazini na giaboksi ileile iliyosemwa imekufa.

Sili yenyewe ingeenea ndani ya kifuniko cha soda. Kwa ajili yake mama yule alilipia ringi na giaboksi nzima ya mtumba, pamoja na siku zote ambazo gari lililala bila kuleta hesabu. Yaliyomfikisha pale ni maneno: madai yanayozunguka vijiweni, stendi na kwenye gereji zetu wenyewe, yanayorudiwa kwa uhakika mkubwa mpaka yanageuka elimu. Nayachukua hapa moja baada ya jingine, kwa kuwa kila dai lina mtu anayelilipia.

"Gia zikiwa ngumu kuingia, giaboksi imekufa."

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Klachi ina kazi moja: kutenganisha injini na giaboksi kwa muda ule dereva anapobadili gia. Klachi pleti imebanwa katikati ya flaiwili, inayozunguka pamoja na injini, na presha pleti. Ukikanyaga pedeli, rilizi beringi inasukuma vidole vya presha pleti, pleti inaachiwa, shafti ya giaboksi inapoteza mwendo, gia inaingia. Pedeli isiposukuma vya kutosha, pleti haiachiwi yote. Sisi mafundi husema klachi haikati. Shafti inaendelea kuzungushwa na injini, na hakuna gia, hata ingekuwa mpya iliyotoka kiwandani jana, itakayokubali kuingia kwa amani.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakihitaji hata spana. Gari likiwa kwenye uwanda, handibreki juu, hakuna mtu mbele wala nyuma, zima injini upitishe gia zote. Kisha washa, kanyaga klachi, upitishe tena. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa na zikagoma ikiwa inawaka, tatizo liko kwenye klachi, siyo kwenye giaboksi. Kipimo cha pili ni rivasi, ambayo kwenye magari mengi haina sinkronaiza, zile ringi za kulinganisha mwendo, ya kuisaidia na kwa hiyo haiwezi kuficha kitu. Injini ikiwa inawaka bila kukanyagwa mafuta, shusha klachi mpaka mwisho, hesabu hadi kumi, kisha ingiza rivasi polepole. Klachi inayokata itakuwa imeshaiacha shafti itulie, na gia itaingia bila sauti. Ikikwaruza baada ya sekunde zote hizo, shafti bado inaburuzwa.

Ukishajua kwamba klachi haikati, anza na cha bei ndogo. Tazama chini ya pedeli. Nimewahi kukuta kapeti mbili zimepangwa moja juu ya nyingine, pedeli inafika kwenye mpira na dereva anaamini imefika mwisho; tulitoa kapeti moja na gari likapona. Tazama uchezaji wa pedeli, yaani ule mwendo mdogo wa juu kabla mguu haujakutana na uzito. Kwenye Toyota nyingi vitabu hutaka milimita 5 hadi 15. Ukizidi sana, sehemu ya mkanyago inapotea bure. Kisha fungua boneti uangalie kikopo cha mafuta, masta ya juu, bomba la mpira, masta ya chini. Lala chini uone kijiti kinasogea kiasi gani mwenzako akikanyaga. Kwenye magari mengi unatarajia sentimita moja au zaidi. Kikisogea kidogo, ugonjwa uko kwenye masta, kwenye bomba au ni upepo uliomo ndani ya mfumo. Kikisogea vizuri na gia bado zinagoma, hapo ndipo unafikiria vya ndani: foku iliyopinda, vidole vya presha pleti vilivyovunjika, beringi ndogo ya katikati ya flaiwili iliyokwama, au pleti iliyoshikana na flaiwili kwa kutu kwa sababu gari lilikaa masika nzima halijawashwa.

Na gia zikigoma hali zote mbili, injini ikiwaka na ikiwa imezimwa? Hata hapo giaboksi haijahukumiwa. Hiace za mtindo ulioanza mwaka 2004 zina liva ya gia kwenye dashibodi, na kazi yote inapitishwa kwa kebo ndefu zinazokutana na maji, matope na vumbi la kila barabara ya changarawe tunayoijua. Chomoa kebo upande wa giaboksi, kisha jaribu kuchezesha mkono wa giaboksi wenyewe. Ukienda vizuri, mgonjwa ni kebo au bushi zake. Tazama pia mauntingi za injini, kwani injini iliyolala upande huvuta kila kitu na kukitoa mahali pake.

"Ipampu mara mbili tatu, itakubali."

Kukubali itakubali. Ndiyo hatari yake. Pedeli inayolala chini kwenye mkanyago wa kwanza na kurudi na nguvu baada ya kupampu imekuambia jambo la wazi: kuna upepo ndani ya bomba, au sili ya masta inapitisha mafuta. Upepo unabanika, mafuta hayabaniki. Unapopampu unajaza nafasi kwa muda, halafu mambo yanarudi palepale. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Dereva anayepampu klachi kila kituo anasubiri siku ambayo mkanyago wa tatu nao utalala, na siku hiyo huenda ikawa kwenye mzunguko wenye magari mengi au kwenye reli.

Dawa ni kutafuta panapovuja, kubadili sili au masta nzima, kisha kutoa upepo mpaka mafuta yatoke bila mapovu. Kutoa upepo bila kutafuta panapovuja ni kuahirisha.

"Breki fluidi ikikosekana, tia oili kidogo, au maji."

Naomba msomaji atulie nami hapa, kwa sababu dai hili halihusu gia peke yake.

Sili na mipira ya mfumo wa klachi na breki imetengenezwa kuishi ndani ya breki fluidi. Ikikutana na oili ya injini, ya stelingi au ya hidroliki, mpira unavimba na kulegea kama andazi lililoloweshwa chai. Sili iliyovimba inakwama ndani ya silinda, hairudi, na baadaye inapasuka. Nimefungua masta iliyotiwa oili siku chache tu kabla: sili ilitoka kubwa kuliko tundu ililokaa, laini, unaweza kuikata kwa kucha. Na oili haiishii sehemu moja. Mfumo mzima ulioguswa unatakiwa kubadilishwa mipira yake yote, kwa kuwa kuosha hakuurudishii mpira umbo lake.

Sasa fungua boneti ya magari mengi ya kisasa utafute kikopo cha mafuta ya klachi. Mara nyingi hakipo. Kuna kikopo kimoja tu, cha breki, na kutoka ubavuni mwake unatoka mrija mwembamba unaokwenda kwenye masta ya klachi. Dereva aliyetia oili ili asaidie klachi ameitia oili kwenye breki za gari lenye abiria. Ndiyo maana ninasema bila kupunguza neno: anayetoa ushauri huu anacheza na roho za watu.

Maji nayo yana njia yake ya kuua. Yanachemka kwenye nyuzi 100, na yanakaribisha kutu ndani ya silinda. Breki fluidi ya DOT 3 ikiwa mpya haichemki mpaka ipite nyuzi 205, na DOT 4 nyuzi 230. Hata yenyewe, kwa sababu hunyonya unyevu wa hewani, ikizeeka hushuka sana. Kipimo cha chini kinachokubalika kwa iliyokwishanyonya maji ni nyuzi 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Kwa watu wa Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa yenyewe ina maji, chupa iliyofunguliwa na kuachwa rafuni miezi kadhaa haifai kurudishwa kwenye gari. DOT 3 na DOT 4 zinaweza kuchanganywa ukikwama njiani. DOT 5 usiichanganye na hizo, ni silikoni, ukoo mwingine kabisa.

Uko njiani, kikopo kimekauka, hakuna duka? Simamisha gari. Sina jibu jingine la kukupa.

"Klachi ikiteleza, kaza kebo."

Wanaosema hivi wamechanganya magonjwa mawili yanayopingana. Klachi isiyokata inahitaji msukumo zaidi. Klachi inayoteleza tayari imesukumwa kupita kiasi, au pleti yake imekwisha, au imepata oili. Ukiikaza kebo mpaka uchezaji wote uishe, rilizi beringi inabaki imeegemea vidole vya presha pleti muda wote, kana kwamba kuna mguu usioonekana juu ya pedeli. Pleti haibanwi sawasawa na kuteleza kunaongezeka. Kinachosaidia, pale ambapo kebo ilikuwa imebana mno, ni kuilegeza. Na magari mengi yenye masta hujirekebisha yenyewe kadiri pleti inavyolika, hayana cha kukaza.

Kuteleza kunajulikana kwa urahisi. Ukiwa kwenye gia ya nne kwa mwendo wa wastani, kanyaga mafuta ghafla. Injini ikipanda sauti na mshale wa RPM ukaruka huku mwendo wa gari ukiwa uleule, klachi inateleza. Mara nyingi utaipata kwanza mlimani ukiwa na mzigo, ikifuatana na harufu ile chungu ya kitu kilichoungua, harufu ambayo ukishainusa mara moja huisahau.

Kabla ya kununua pleti, jiulize iliishaje. Ikiwa imelika mpaka kwenye misumari yake, ilifanya kazi yake ikachoka. Ikiwa bado nene lakini nyeusi na inang'aa, imepata oili, ama kutoka oili sili ya nyuma ya injini ama ile ya mbele ya giaboksi. Ukifunga pleti mpya bila kubadili sili, umeiloweka. Wapo wanaomwaga soda au mchanga mwembamba kupitia tundu la foku ili pleti ishike. Soda ina sukari, inanata kwa safari fupi kisha inaungua na kuacha masizi. Mchanga unasaga beringi na kuchimba flaiwili. Oili inayovuja iko palepale.

"Badilisha pleti peke yake, vingine bado vizima."

Hapa naelewa mwenye gari, kwa sababu ni suala la mfuko. Lakini hesabu yenyewe iangaliwe yote. Kazi kubwa ni kushusha na kupandisha giaboksi. Ukibadili pleti leo, rilizi beringi ikalia baada ya miezi miwili, utalipa kazi ileile upya, na siku za gari kulala upya. Kwa gari la biashara ninashauri pleti, presha pleti na rilizi beringi vibadilishwe pamoja, bila kusahau oili sili za jirani.

Fedha zisipotosha kabisa, presha pleti ya zamani isirudishwe kwa matumaini. Iweke mezani uitazame. Uso wake uwe bapa, rula ikiwekwa isionyeshe bonde. Vidole viwe kimo kimoja na visiwe vimechimbwa na beringi. Ukiona madoa ya bluu, chuma kimepikwa, nguvu ya springi haiaminiki tena. Flaiwili nayo ikiwa na mifereji au nyufa nyembamba za joto, ipelekwe kwa fundi wa mashine ya kukereza ipigwe skimu; pleti mpya juu ya uso wenye mabonde hutetemeka kila gari linapoondoka. Ila flaiwili zile zenye vipande viwili na springi katikati, zinazopatikana kwenye dizeli nyingi za Ulaya, hazipigwi skimu kiholela. Fundi anayezigusa ajue kitabu chake kinaruhusu nini.

Pleti zilizobandikwa upya mtaani nimezifunga na nimezitoa. Baadhi zimedumu. Shida ni kwamba ubora wake unategemea mkono wa aliyezibandika siku ile, misumari imekaa kimo gani, malighafi imetoka wapi. Kwenye trekta la shamba ningeikubali. Kwenye basi la abiria, hapana.

"Kubalansi mlimani kwa klachi ndiyo udereva."

Shule za udereva zimelifanya hili kuwa mtihani, na wanafunzi wengi wanatoka wakiamini kwamba kulishikilia gari kilimani kwa nusu klachi, foleni nzima, ni sifa. Mwanafunzi ajifunze kuhisi mahali klachi inapoanza kushika, sawa kabisa. Lakini nusu klachi maana yake pleti inasuguana na chuma kwa kasi ya injini, na kila sekunde ya msuguano inageuka joto. Hakuna umri maalumu wa klachi: pleti ileile inaweza kumalizika ndani ya mwaka kwa dereva mmoja na kudumu miaka mingi kwa mwingine, na tofauti kubwa iko hapa. Foleni ikisimama, vuta handibreki, weka nyutro, toa mguu. Ikitembea, ingiza gia ya kwanza, ipandishe klachi mpaka ishike, ndipo uachie handibreki. Na ukiwa mwendoni mguu wa kushoto ukae sakafuni. Uzito wa kiatu tu juu ya pedeli unaizungusha rilizi beringi muda wote.

"Sauti yoyote ikisikika, ni rilizi beringi."

Sikiliza kabla ya kusema. Weka nyutro, injini inawaka, mguu nje ya klachi. Kuna mlio? Kanyaga klachi. Mlio ukinyamaza, shuku beringi ya shafti ya mbele ya giaboksi, kwa sababu umeisimamisha. Ikiwa kulikuwa kimya na mlio ukaanza pale ulipokanyaga, hapo ndipo rilizi beringi inaposhukiwa. Mlio unaotokea kwenye gia moja tu, mwendoni, uko ndani ya giaboksi. Na rivasi kuimba kwenye magari mengi ni hali yake ya kuzaliwa: meno yake yamekatwa wima, hayana ule mshazari unaozinyamazisha gia za mbele.

"Gia ikikwaruza, dereva mbovu."

Mara nyingine ni kweli, na madereva wanisamehe. Lakini dai hili ni la zama zilizopita. Zamani dereva alilazimika kukanyaga klachi mara mbili kwa kila gia na kulinganisha mwendo wa injini kwa sikio lake. Mwaka 1928 Cadillac ya Marekani ilitoka na sinkronaiza, ringi zinazoifunga breki gia kabla haijaingia ili mwendo ulingane. Leo karibu kila gari dogo linazo kwenye gia zote za mbele, ingawa malori kadhaa makubwa bado yanamtaka dereva afanye kazi hiyo mwenyewe.

Kwa hiyo uliza swali la fundi: zinakwaruza gia zote au moja? Zikikwaruza zote, pamoja na rivasi, rudi kwenye klachi isiyokata. Ikikwaruza moja tu, mara nyingi ya pili au ya tatu, na klachi imepimwa ikaonekana inakata, basi ringi ya gia hiyo imelika. Hapo, na hapo tu, kushusha giaboksi kuna maana. Wakati ukisubiri fedha, kanyaga klachi mara mbili kama wazee wa malori ya Bedford walivyofanya, na usilazimishe.

"Oili ya gia haibadilishwi, na ikiwa nzito ndiyo bora."

Oili ya giaboksi haiungui kama ya injini, kwa hiyo watu huisahau. Lakini inachoka, inabeba vumbi la chuma, na ikivuja polepole kwenye sili hakuna taa itakayowaka kukuambia. Kwa magari ya kazi nzito ratiba nyingi za watengenezaji hazipiti kilomita 80,000, na nyingine huagiza 40,000. Ukiimwaga, itazame boliti ya chini, hasa ile yenye sumaku. Ikiwa imeshika tope laini la kijivu, kama rangi iliyosagwa, ni kulika kwa kawaida. Ukikuta vipande unavyoweza kuvihesabu, au magamba ya njano ya shaba, hayo ni meno na ringi. Sasa giaboksi imezungumza yenyewe.

Uzito je? Oili nzito kuliko iliyoagizwa huzifanya ringi zishindwe kuikata haraka, na gia ya pili inakuwa ngumu hasa asubuhi. Muulize dereva wa Njombe au Makete mwezi wa saba. Ikilainika baada ya kilomita chache, ni oili, siyo ringi. Kuna na herufi kwenye kopo: GL-4 na GL-5. GL-5 imetengenezwa kwa mzigo mkali wa difu. Giaboksi nyingine zinaikubali, nyingine zinaikataa, kwa kuwa inateleza mno kwa ringi, na baadhi ya aina zake hazielewani na shaba. Zipo hata giaboksi za mkono zinazotumia oili nyembamba ya otomatiki. Mwamuzi ni kitabu cha gari.

Kabla sijaiacha giaboksi: gia inayochomoka yenyewe wengine huifunga kwa mpira wa tyubu au kuishikilia kwa mkono. Usifanye hivyo. Mkono unaolala juu ya liva unaisukuma foku ya ndani igusane na duara linalozunguka, nayo ilitengenezwa kugusa kwa sekunde moja tu wakati wa kubadili. Anza na mauntingi na kebo. Zikiwa nzima, meno au springi za ndani zimelika na giaboksi ifunguliwe.

Limebaki moja, na ndilo linaloua.

"Mteremkoni weka nyutro, unaokoa mafuta."

Injini ya EFI ikiwa kwenye gia, mguu wako ukiwa nje ya pedeli ya mafuta na gari likiteremka, kompyuta hufunga nozeli kabisa. Matairi ndiyo yanayoizungusha injini. Dizeli za zamani zenye pampu ya kawaida nazo hupunguza mafuta hali hiyo. Ukiweka nyutro, injini inabidi iunguze mafuta ili isizime. Akiba inayodaiwa haipo.

Kisichokuwepo pia ni injini ya kukushikilia. Lori linaloteremka Kitonga, kati ya Ilula na Ruaha Mbuyuni, likiwa nyutro linabaki na breki za miguu peke yake, na breki zilizochemka hazishiki. Hata ile breki ya moshi haina kazi gia ikiwa nje. Dereva akistuka na kutaka kurudisha gia, mwendo umeshazidi, gia haiingii. Jirani zetu wa Kenya wanakijua kipande cha Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, na wanajua malori yaliyoshuka nyutro yamewafanya nini. Teremka kwa gia ambayo ungepandia mlima huohuo, na uiweke juu kabisa, kabla mteremko haujaanza.

Mama wa Hiace alirudi wiki iliyofuata kumwaga oili ya gia, kama nilivyomwomba. Boliti ilikuwa na tope laini la kijivu, basi. Ile giaboksi ya kwanza, iliyotangulia kutolewa, aliiuza chakavu kwa kilo, na kwa maelezo aliyonipa nina hakika nayo ilikuwa nzima. Wewe ukiambiwa kesho kwamba yako imekufa, mwombe fundi alale chini ya gari, ukanyage klachi mwenyewe, akuonyeshe kijiti kinasogea kiasi gani. Akikataa kupima, chukua funguo zako uende kwa mwingine.